Meza ya Fogo: pesa ya mgeni inabaki kwa nani?

Ndugu msomaji, makayabu unayajua. Unayajua kwa harufu, kwa chumvi, na kwa bei yake sokoni. Mama anayalowesha jioni, asubuhi anamwaga maji yale na kuweka mengine, kisha anayapika na nyanya na kitunguu, bukari iko pembeni. Lakini je, umekwisha kujiuliza samaki huyu anatoka wapi? Hatoki Luapula, hatoki Tanganyika. Makayabu ni samaki wa jamii ya yule mwenye Wafaransa wanamwita morue. Anaishi katika bahari ya baridi sana, huko kaskazini ya dunia, mahali vipande vya barafu vinapita juu ya maji, vikubwa kama nyumba.

Katika bahari ile kuna kisiwa kimoja, jina lake Fogo. Kwa miaka zaidi ya mia mbili watu wake waliishi kwa samaki huyo mmoja. Mwaka 1992 kazi ile ikafungwa. Leo, katika kisiwa kile kile, wageni wanatoka nchi za mbali juu ya kukaa kwenye meza moja ya bei kubwa, na mkubwa wa wapishi anawapikia samaki, viazi na matunda ya pori. Namna gani watu wa nyavu walifika kwenye meza kama hiyo? Na pesa ya wageni wale inabaki kwa nani? Mwezi huu tuzungumze juu ya habari hiyo. Sisi wenye kukaa kando ya migodi tunajua vizuri maisha ya mahali penye kutegemea kitu kimoja.

KISIWA CHA KITU KIMOJA

Fogo ni kisiwa cha jimbo la Newfoundland na Labrador, mashariki ya Kanada, katika bahari ya Atlantiki. Ukifika mwisho wa barabara unapanda mashua kubwa yenye kubeba magari, kisha unavuka maji. Wakati wa baridi kali barafu inaweza kuziba njia, na mashua inakaa tu. Udongo ni kidogo, mawe ni mengi. Mahindi na muhogo, usiviulize.

Lakini samaki walikuwa wengi! Mwaka 1497 baharia John Cabot alipita bahari zile, na habari zilizofika Ulaya zilisema kwamba unaweza kuwachota samaki kwa kikapu. Tangu hapo Waingereza, Wafaransa, Wareno na Wahispania walikwenda kuvua kule. Watu wa Fogo walimpasua samaki, walimtia chumvi, walimwanika juu ya vitanda vya miti, na meli zilimpeleka Ulaya na visiwa vya Karibi. Pesa yenyewe hawakuiona sana. Mfanyabiashara alichukua samaki, na kwa bei yenye alipanga yeye mwenyewe aliwaandikia unga, chai, nguo na nyavu katika kitabu chake. Mwisho wa mwaka, mara mingi, mvuvi alibaki na deni. Wazee wetu wenye walipokea posho kambini wataelewa upesi: mwenye kushika kitabu ndiye mwenye kushika chakula.

Katika miaka ya 1950 na 1960 meli kubwa za nchi nyingi zilikuja na nyavu za kukokota chini ya bahari, mchana na usiku. Katika mwaka 1968 peke yake walitoa karibu tani 800,000 za samaki wa sehemu ile. Mvuvi wa Fogo, na kamashua yake kadogo, alianza kurudi nyumbani mikono mitupu. Serikali ya jimbo ilikuwa ikihamisha watu wa vijiji vidogo vya pwani, na watu wa Fogo walikuwa na swali moja: tuhame ao tubaki?

Mwaka 1967 mtu mmoja wa sinema, Colin Low, alikuja na watu wa ofisi ya filamu ya Kanada. Alipiga filamu fupi 27 za wanakisiwa wakizungumza shida zao, kisha aliwaonyesha wenyewe filamu zile, kijiji kwa kijiji. Usisahau kwamba vijiji vile vilikuwa vimegawanyika. Wakatoliki shule yao, Waprotestanti shule yao, na watu wa upande huu hawakujua vizuri mawazo ya watu wa upande ule. Walipoonana katika filamu, kumbe shida ni moja! Mwaka ule ule walifungua ushirika wa wavuvi, wakajenga mashua kubwa zaidi za kufika mbali, na baadaye watoto wa dini zote walikutana katika shule moja katikati ya kisiwa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Hata hivyo samaki waliendelea kupunguka. Tarehe 2 Julai 1992 waziri wa uvuvi wa Kanada, John Crosbie, alitangaza kwamba uvuvi wa samaki huyo umefungwa. Watu karibu 30,000 wa jimbo lile walikosa kazi. Fogo walibaki na kaa wa bahari na kamba, ushirika wao ukawasaidia kuvumilia, lakini vijana wengi walifunga mizigo.

Msomaji wa Kolwezi, wa Likasi ao wa Lubumbashi, habari hii si ngeni kwako. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka, na mwaka 1994 kampani haikufikia hata tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka kazini kwa ule mpango wenye kuitwa kuondoka kwa hiari. Sisi, shaba haikukwisha ndani ya udongo kama samaki alivyokwisha ndani ya maji. Lakini sufuria tupu haitofautishi.

MTOTO WA MVUVI

Katika kijiji cha Joe Batt's Arm, pale Fogo, alizaliwa msichana mmoja, Zita Cobb, dada wa ndugu sita wanaume. Baba yake alikuwa mvuvi. Mama Zita amesimulia mara mingi mbele ya watu namna baba yake alivyoona meli kubwa zikimaliza bahari. Baba alimwambia binti yake aende kujifunza namna pesa inavyofanya kazi, sababu bila kuelewa jambo hilo watapoteza kila kitu. Baba yule hakuwa mtu wa masomo makubwa. Lakini aliona kwamba ugonjwa wa bahari umetoka katika hesabu za pesa, na anayetaka kuponya lazima ajue hesabu zile.

Binti alisoma biashara huko Ottawa. Kisha alifanya kazi katika kampani ya nyuzi za kioo zenye kupitisha sauti na habari za simu, akapanda mpaka kuwa mmoja wa wakubwa wa pesa ya kampani, akatajirika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliacha kazi ile, na baadaye akarudi kwao.

Sasa, kijana mwenye kusoma ukurasa huu, sikiliza vizuri sehemu hii. Kitu cha kwanza mama Zita alifanya ni kuwalipia vijana wa kisiwa masomo ya juu. Ni kitu kizuri, sivyo? Lakini katika mkutano mmoja mwanamke wa pale alisimama akamwambia kwamba kwa msaada ule anawalipa tu watoto wao waondoke. Mwenye kusoma haendi kurudi, sababu kazi hakuna. Kama anataka kusaidia, atafute namna kazi itakuwapo nyumbani.

Neno la mwanamke yule liligeuza mambo. Zita Cobb pamoja na ndugu zake walianzisha shirika lenye kuitwa Shorefast. Jina hilo ni la kamba yenye kufunga wavu wa samaki kwenye mwamba wa pwani, wavu usichukuliwe na maji. Walijiuliza maswali mepesi: Tuna nini? Tunajua nini? Tunapenda nini? Jibu halikuwa madini, wala kiwanda. Walikuwa na bahari, mawe, mashua, mablanketi ya vipande vya nguo yenye mama zao walishona, matunda ya pori, na desturi ya kumkaribisha mgeni na kumlisha. Wakasema: basi tujenge nyumba ya wageni.

NYUMBA JUU YA MIGUU

Hoteli ya Fogo Island Inn ilifunguliwa mwaka 2013. Iliyochora ni akili ya Todd Saunders, fundi wa kuchora majumba, naye mtoto wa Newfoundland. Inasimama kwenye mwamba juu ya miguu mirefu, sawasawa na vile vibanda vya zamani vya wavuvi vyenye kusimama juu ya nguzo kando ya maji. Ina vyumba 29 tu. Viti na meza vilifanywa pale pale na mafundi wa kisiwa, hata watu wenye mikono iliyozoea kujenga mashua. Mablanketi ya vitanda yalishonwa na wanawake wa kisiwa. Zita Cobb aliweka mamilioni ya dola zake, serikali ya Kanada na ya jimbo zikaongeza. Lakini faida haiingii katika mfuko wake: hoteli ni mali ya shirika la kusaidia watu, na kinachobaki kinarudishwa kwa kazi za kisiwa.

Bei yake itakushangaza. Usiku mmoja unapita dola 2,000 za Kanada, chakula kikiwa ndani. Utasema: nani atatoa pesa kama hiyo kwa kulala juu ya mwamba wa baridi? Wako. Na wengi wao wanakuja kwa sababu ya mambo mawili: bahari yenye wanaona kupitia madirisha makubwa, na chakula. Tuingie sasa jikoni.

KAZI YA MKUBWA WA WAPISHI

Labda unafikiri kwamba mkubwa wa wapishi katika restora ya bei ni mtu wa kofia ndefu nyeupe, mwenye kuonja mchuzi na kijiko. Kuonja, anaonja kweli. Lakini kazi yake kubwa ni kupanga. Mfaransa Auguste Escoffier, aliyeishi kutoka 1846 mpaka 1935, alipanga jiko la hoteli kama jeshi: mmoja ni wa samaki, mwingine wa nyama, mwingine wa michuzi, mwingine wa mboga, mwingine wa mikate na vitu vitamu, na juu yao mkubwa mmoja. Majiko mengi ya hoteli kubwa yanafuata utaratibu ule mpaka leo. Mkubwa anataja sahani, na wote wanaitika: « Ndiyo, chef! » Kabla mgeni hajakaa, kila kitu kimekwisha kukatwa, kupimwa na kuwekwa mahali pake. Mpishi mwenye kuanza kutafuta chumvi wakati mgeni amekaa, huyo amekwisha kuchelewa.

Chakula cha namna hii hakiletwi chote mara moja. Sahani zinakuja moja baada ya nyingine, kila moja na kitu kidogo. Baba mwenye kutoka shimoni angeuliza: « Na chakula chenyewe kinakuja saa ngapi? » Tucheke, lakini tuelewe pia. Mgeni yule halipi kilo za samaki. Analipa ujuzi wa mikono mingi, na habari yenye chakula kinamwambia juu ya mahali alipofika.

Mkubwa wa kwanza wa wapishi wa Fogo Island Inn alikuwa Murray McDonald, mzaliwa wa Newfoundland mwenye alikuwa amepika katika nchi za mbali kabla ya kurudi. Baadaye walikuja wengine, kama vile Jonathan Gushue na Timothy Charles. Kila mmoja alikuta swali lile lile: namna gani kupika chakula cha heshima mahali penye mimea kidogo, baridi mingi, na mashua yenye inaweza kukosa kuja?

Jibu la upesi lingekuwa kuagiza kila kitu. Wao walichagua kuanza na vitu vya kisiwa na vya jimbo. Wakati wa joto kidogo, samaki wadogo wenye kuitwa kapelini wanajitupa pwani kwa maelfu. Ni kama ndakala: wanaanikwa, wanatiwa chumvi, na watu wa zamani walizoea pia kuwatupa katika mashamba kama mbolea. Kuna kaa wa bahari na kamba. Kuna viazi, karoti, turnipi na kabichi, vyenye vinatunzwa katika vyumba vilivyochimbwa ndani ya ardhi, ili baridi ya nje isiviharibu na watu wale mpaka mwaka mpya. Kuna matunda madogo ya porini: mengine mekundu na machachu, mengine ya rangi ya machungwa yenye kuota katika mabwawa. Bibi wa Fogo anajua mahali yanapoota kama vile bibi wa huku anavyojua msitu wa uyoga wakati wa mvua za kwanza. Na habari ya mahali pale hampi kila mtu!

Samaki wa zamani naye yupo mezani. Watu wa Newfoundland hawatupi kitu cha samaki huyo: wanakula nyama, ulimi, mashavu na mayai yake. Wana chakula chao cha masikini, makayabu na mkate mkavu wa baharini uliolowekwa, juu yake mafuta ya nguruwe yaliyokaangwa. Wazee walikula vile sababu hapakuwa kingine. Kazi ya mkubwa wa wapishi si kudharau chakula kile wala kukifunika na jina la Kifaransa. Anakichukua kama kilivyo, anakipika kwa uangalifu wote wa jeshi lake, na kukiweka mbele ya mtu aliyevuka bahari. Fikiri mama mzee wa Joe Batt's Arm akisikia kwamba tajiri amelipa pesa mingi juu ya kula kitu chenye yeye alilisha watoto wake wakati wa shida.

NAMNA YA KUVUA PIA INA BEI

Mkubwa wa wapishi anajua jambo moja lenye muuzaji wa samaki wa soko letu analijua pia: samaki mzuri anaanzia mkononi mwa mvuvi. Samaki wa wavu wa kukokota anafinyangwa na wenzake, anakufa polepole, nyama inalegea. Samaki wa mshipi anatolewa mmoja mmoja. Anatolewa damu pale pale na kuwekwa ndani ya barafu. Nyama yake inabaki nyeupe na ngumu.

Watu wa Fogo walifanya kitu cha akili juu ya jambo hilo. Walianzisha kazi ya kununua samaki wa mshipi kwa mvuvi kwa bei ya juu kuliko bei ya kawaida, na kumuuza kwa restora za miji mikubwa ya Kanada. Mvuvi anapata zaidi kwa samaki wachache, na bahari inapumua. Hapa ujuzi wa babu umepanda bei. Usiseme basi kwamba kazi ya mikono haina hesabu.

MEZA ZINGINE ZA VISIWA

Visiwa vyenye hoteli za matajiri ni vingi duniani. Mfano ni Maldivi, nchi ya visiwa vidogo katika bahari ya Hindi, mahali hoteli za namna hiyo zilianza mwaka 1972. Kwa kawaida hoteli moja inakaa kwenye kisiwa chake peke yake, bila kijiji. Katika moja ya hoteli zile walijenga restora yenye kuitwa Ithaa, iliyofunguliwa mwaka 2005 chini ya bahari. Wageni 14 wanaweza kula pale, karibu metre 5 chini ya maji, samaki wakipita juu ya vichwa vyao nyuma ya ukuta wa plastiki wenye kuona kama kioo.

Ni ajabu ya kweli, na wapishi wake ni mafundi. Lakini karibu kila kitu chenye kuliwa katika hoteli za nchi ile, isipokuwa samaki, kinaagizwa kutoka nje. Wafanyakazi wengi nao wanatoka nchi zingine. Hatusemi kwamba ni kosa. Visiwa vile vina udongo kidogo sana, na kazi zile zinalisha watu. Lakini ni vizuri kuona tofauti. Meza mbili zinaweza kuwa na bei moja, sahani moja, kitambaa kimoja cheupe, na pesa ya kila moja ikatembea njia yake. Moja inapita kisiwani kama ndege. Nyingine inashuka, inaingia katika nyumba ya mvuvi, ya mshonaji, ya mlimaji wa viazi.

KARATASI YENYE KUSEMA UKWELI

Umekwisha kuona kwenye mkebe wa maziwa ile karatasi ndogo yenye kuandikwa: mafuta kiasi hiki, sukari kiasi hiki? Watu wa Fogo walichukua mfano ule, wakafanya karatasi ya pesa. Mgeni anaweza kusoma pesa yake ya usiku imegawanywa namna gani: mishahara sehemu gani, chakula na vitu sehemu gani, matangazo sehemu gani, kinachobaki sehemu gani. Tena inaonyesha pesa inabaki wapi: Fogo kiasi gani, jimbo kiasi gani, Kanada kiasi gani, nchi zingine kiasi gani. Karibu nusu inakwenda kwa mishahara, na sehemu iliyo kubwa kuliko zote inabaki kisiwani.

Ndugu msomaji, ningependa usome sehemu hii mara mbili. Mahali pengi mfanyakazi anajua mshahara wake tu, mteja anajua bei tu, na katikati ni giza. Wale walileta taa. Karatasi kama ile haiongezi samaki hata mmoja, lakini mtoto wa Fogo akiisoma anaelewa mapema kile ambacho babu yake, na kitabu cha deni cha mfanyabiashara, hakupata kukielewa.

SHIDA HAZIKUKWISHA ZOTE

Tusipake sukari. Hoteli moja haiponyi kisiwa chote. Hesabu ya watu ya mwaka 2016 ilikuta watu zaidi ya 2,200 pale Fogo. Ile ya mwaka 2021 ilikuta karibu 2,100. Vijana wanaondoka bado, hata kama sasa wengine wanapata sababu ya kurudi. Mwanakisiwa wa kawaida hawezi kulipa kitanda cha hoteli ile. Na kazi ya wageni nayo ni kitu chenye kuvunjika: mwaka 2020, ugonjwa wa Covid ulipofunga njia za dunia, hoteli ilifunga milango. Wakati ule kaa na kamba wa ushirika walikuwa bado wana faida yao. Ndiyo maana watu wa Fogo hawakuacha bahari. Waliongeza meza juu ya nyavu, hawakuchoma nyavu.

Na samaki wa zamani? Mwezi wa Juni 2024, miaka 32 baada ya kufunga, serikali ya Kanada ilifungua tena uvuvi wake wa biashara kwa kiasi kidogo. Wako wenye kufurahi, na wako wataalamu wenye kuonya kwamba ni mapema. Swali la pupa halijatoka.

NA SISI?

Sasa turudi kwetu. Mtu asifikiri ninasema kila mji wa migodi ujenge hoteli ya dola elfu mbili. Fogo wana barafu na bahari. Sisi tuna vitu vingine. Ninataka tuazime maswali yao tu.

Kwanza, wageni wako tayari kwetu. Wanakuja kwa sababu ya shaba na kobalti, wanalala, wanakula. Nyanya yenye iko katika sahani yao imetoka wapi? Mayai? Kitunguu? Unga wenyewe wa bukari yetu, mara ngapi tunauona umevuka mpaka kutoka Zambia? Mwenye kulima, ao mwenye kufuga kuku nyuma ya nyumba, aende kumuuliza mpishi wa hoteli ao wa kantini: unataka kitu gani, kiasi gani, siku gani, cha namna gani? Mpishi mwenye kupanga kama jeshi anataka neno moja zaidi ya bei: uaminifu. Ukimwambia Jumanne, iwe Jumanne.

Pili, nyinyi vijana, msidharau kazi ya jikoni. Katika nyumba nyingi kijana mwanaume akisema anataka kuwa mpishi, wanacheka. Na msichana akipika, wanasema si kazi, ni desturi. Lakini mmeona: ni kazi ya hesabu, ya usafi, ya saa, ya kuongoza watu. Wenye restora wengi wanajaribu vitu vya kupika visipite karibu theluthi moja ya bei ya sahani. Mwenye kushindwa hesabu hiyo anafunga malewa yake hata kama sombe yake ni tamu kuliko zote za mtaa. Andika basi kila siku: umenunua nini, umetupa nini, umeuza nini.

Tatu, wazazi, tusiwafundishe watoto kuona aibu juu ya chakula chetu. Uyoga wa mvua za kwanza, samaki wa Luapula, viwavi vilivyokauka, sombe ya mama: vyote ni ujuzi. Bibi akifa bila kumwonyesha mjukuu uyoga gani unaliwa na gani unaua, shule gani itafundisha?

Nne, yule mwanamke wa mkutano. Tunakusanya pesa kwa shida juu ya masomo ya watoto, na ni vizuri, tusiache. Lakini tuulize pia, wakati tungali tunalipa: akimaliza, atafanya kazi gani hapa? Na sisi tunatengeneza nini leo ili kazi ile iwepo?

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Kama mgodi wa karibu nasi ungefungwa mwezi ujao, nyumba yetu ingekula nini katika mwezi wa tatu?

2. Ni vitu gani vitatu vyenye watu wa mtaa wetu wanajua kufanya vizuri, na wengine wanaweza kuvinunua?

3. Chukueni franka mlizotumia juma hili sokoni. Kiasi gani kilibaki kwa mlimaji ao mvuvi wa jimbo letu, na kiasi gani kilivuka mpaka?

4. Nani katika jamaa anajua chakula cha zamani chenye watoto hawajui kukipika? Aanze kuwafundisha Jumamosi hii.